Maji ya Kuwaonyesha Wageni

Kila asubuhi kabla ya shule, Twaibah alibeba jerikani na kuteremka mtoni. Njiani aliupita mfereji wa bomba uliojengwa na shirika moja la hisani la Jinja, nao ulikuwa mkavu. Maporomoko ya udongo yalikuwa yamekata bomba lililoleta maji ya chemchemi kutoka mlimani, na tangu hapo kijiji kizima kilikunywa maji ya mto, yenye rangi ya chai ya maziwa.

Asubuhi hiyo shule hakuikumbuka kabisa. Mdogo wake Isa, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameharisha usiku kucha. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na hata kulia hakuweza tena.

"Mama, tumpeleke hospitali Mbale," Twaibah alisihi.

"Tutafikaje, mwanangu?" mama yake, Halimah, alijibu huku machozi yakimlengalenga. "Kwa matope haya, boda boda hazipandi huku."

Jamani, shida haiji peke yake! Siku hiyohiyo wageni wa shirika walikuwa wanakuja kuuona mradi wao. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Wanyera, aliwaamuru vijana wajaze tangi la mradi kwa maji ya mto, ili mfereji utiririke mbele ya wageni.

"Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba," aliwaambia watu. "Wakijua bomba limekatika, watatuona wazembe, watuache. Wagonjwa wote wafichwe ndani. Nawe Twaibah, uliyekulia Nabuyonga kule mjini, unajua Kiswahili. Utamkaribisha mgeni kwa kikombe cha maji."

"Ndiyo, mzee," Twaibah akaitikia. Mtoto angesema nini mbele ya mwenyekiti?

Gari la wageni, lile kubwa la kupanda milima, likafika likiwa limetapakaa tope. Akashuka Mama Eucabeth, Mkenya aliyefanya kazi katika ofisi ya shirika huko Jinja. Ngoma zikalia, vigelegele vikapaa. Twaibah akafungua mfereji. Tope lilikuwa limetuama chini ya tangi, basi maji yakatoka yakionekana safi kabisa. Akajaza kikombe, akapiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili kama ilivyo desturi.

"Asante, binti yangu. Nilikuwa na kiu kweli!" Mama Eucabeth akakiinua mdomoni.

Twaibah akamkumbuka Isa alivyolala pale mkekani. Akashindwa kuvumilia.

"Usinywe, mama!" alipiga kelele. "Hayo ni maji ya mto! Mdogo wangu aliyanywa, sasa anakufa!"

Ngoma zikanyamaza. "Wewe mtoto!" Mzee Wanyera alifoka. Lakini Twaibah alikwisha kumshika mgeni mkono, anamvuta kuelekea kwao huku analia kwa sauti.

Mama Eucabeth alipomwona Isa, hakuuliza la pili. "Mlete garini, dada," akamwambia Halimah. "Sasa hivi!"

Huko Mbale, Isa alitundikiwa dripu. Daktari akamwambia Halimah bila kumficha, "Mngengoja hadi jioni, mngemzika." Halimah akaketi kando ya kitanda, akamshika Isa mkono.

Kesho yake Mama Eucabeth alirudi kijijini na mafundi. "Mzee," akamwambia Wanyera, "bomba lilipokatika ungetupigia simu tu. Sisi ni washirika wenu. Tunataka mtuambie shida, si mtuimbie nyimbo."

Wanakijiji walichimba mtaro wa bomba pamoja na mafundi hao, na maji ya chemchemi yakarudi. Isa aliporudishwa nyumbani, Mzee Wanyera aliita mkutano. Safari hii hakukaa kwenye kiti chake cha mwenyekiti; alisimama katikati ya watu.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema kwa sauti nzito. "Mimi niliona aibu kusema bomba limekatika. Aibu yangu hiyo nusura imuue mtoto huyu. Watoto, mkiona hatari semeni, hata kama mkubwa amewaambia mnyamaze. Twaibah mwanangu, nisamehe."

Mzee mzima akainamisha kichwa mbele ya mtoto, na hakuna aliyecheka.