Mate Nyuma ya Stempu

Jioni ile Marcellin alitoka nyumbani kwake, mtaa wa Kilibula, kwenda kununua malimau. Jua lilishapotea nyuma ya milima, huku ziwa bado likiwa na mwanga. Alichagua matatu, yale makali zaidi. Mama muuzaji akamtania, "Papa, leo unapika samaki ngapi?" Hakucheka. Malimau yale hayakuwa ya samaki.

Binti yake, Alliance, alikuwa ameishiwa mate.

Wiki ya tatu sasa. Msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye maneno mengi, kinywa kimekauka. Ulimi mgumu, midomo imepasuka, chakula hakipiti. Alikunywa jagi zima la maji, lakini akishameza tu kinywa kilikauka tena. Daktari wa zahanati alipima malaria, akapima sukari, akapima damu mara mbili, akabaki anakuna kichwa. Sasa hata kunyanyuka kitandani ilikuwa kazi. Marcellin alishamzika mke wake, na huyu ndiye aliyebaki. Alimwona akiisha mbele ya macho yake, na alikuwa amekata tamaa.

Annie, dada yake Marcellin, alikata limau akalikamulia juu ya ulimi wa mgonjwa. Limau, jamani, hata ukiliona tu likikatwa, mate yanakujaa.

Alliance hakukunja hata uso.

Annie akaweka kisu chini taratibu.

"Papa Alliance," alinong'ona, "nani alikamata mate ya huyu mutoto?"

"Mate gani?"

"Weye unajua. Huku kwetu muntu akitema, anafukia na muguu, muchawi asiikamate. Mate ya Alliance iko kwa nani?"

Marcellin alitaka kumfokea. Badala yake akakaa.

Stempu...

Miaka ishirini na nane alikuwa karani wa posta. Dirisha lake lilipofungwa, alibaki na muhuri wa zamani na ugonjwa wa kukusanya stempu. Si stempu zozote. Alitaka zile za mbuga za Kongo zilizotajwa kuwa Urithi wa Dunia, tena zikiwa juu ya bahasha zake, muhuri umekaa sawasawa. Alikuwa na volkano za Virunga, sokwe wa Kahuzi-Biega, vifaru wa Garamba, na okapi wa msitu wa Ituri. Majirani walimcheka: wenzako wanajenga, wewe unachunga wanyama wa karatasi! Alikosa moja tu, Salonga.

Kisha akatokea mzee Gaspard, mpangaji mpya wa mtaa wa Rugenge, mtu mkavu mwenye sauti ya kukwaruza. Gaspard alikuwa na bahasha ya Salonga. Alikubali kuitoa kwa bahasha saba mpya zenye stempu na muhuri. Sharti lake lilikuwa dogo. Stempu zibandikwe kwa ulimi, si kwa sponji wala gundi ya chupa.

"Na isikuwe ulimi yako," alisema. "Ya kijana inashika vizuri."

Marcellin, kwa uroho wa Salonga, hakuuliza kitu. Mtu ambaye asingethubutu kutema mate njiani bila kuyafukia alimwita binti yake, akampa stempu saba. Alliance alizilamba huku akicheka kwamba gundi ni chungu, na bahasha zikaenda kwa Gaspard.

Saba.

Marcellin aliinuka, akakimbia hadi Rugenge. Mvua ilikuwa imeacha matope, akapoteza kandambili moja, hakurudi kuitafuta. Mlango wa Gaspard ulikuwa wazi. Ndani palinuka karatasi mbichi.

Tone... Tone...

Kwenye kamba iliyokatiza chumba zilining'inia bahasha, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zinachuruzika maji. Marcellin alizitambua kwa mwandiko wake mwenyewe. Kwenye kona ya kila moja, pale stempu ilipokuwa, palibaki weupe.

Hapo ndipo alipoelewa. Mkusanyaji yeyote anajua kwamba bahasha yenye muhuri haitiwi majini. Stempu ikitoka, thamani yote imekwisha. Huyu mzee hakuwa anakusanya stempu.

Gaspard aliketi chini, beseni mbele yake. Midomo iliyokuwa imekauka sasa ilikuwa imelowa. Inang'aa. Alipofungua kinywa, mate yalimtiririka hadi kidevuni, naye akayafuta kwa uangalifu, asipoteze hata tone.

"Umekawia," alisema. Sauti haikukwaruza tena. "Sita ilishaisha."

Ndani ya beseni bahasha ya saba ilielea. Kona moja ya stempu ilikuwa imeanza kunyanyuka.

"Mzee, nakuomba... ni mutoto wangu wa pekee."

"Beba basi. Nani anakukataza?"

Marcellin aliinyakua. Stempu ikateleza chini ya kidole chake.

"Itatoka njiani," Gaspard alinong'ona. "Ikitoka, naye anaenda. Ibandike tena."

"Na nini?"

Mzee alimtazama tu mdomoni.

Marcellin hakufikiri mara mbili. Ni baba gani angefikiri? Aliinua ile stempu kwa ukucha, akailamba.

Ilikuwa na ladha ya limau.

Akalia kwa sauti, akaibandika, akaikandamiza kwa gumba mpaka ikashika. Gaspard alimeza kitu, akafumba macho.

"Ya muzee iko na uchungu kidogo," alisema. "Lakini inafaa."

Nyumbani Marcellin alimkuta Alliance ameketi kitandani, anakula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mikono miwili. Mashavu yamerudi. "Papa!" aliita. "Miye niko na njaa, weye ulienda wapi?" Furaha ilimjaa. Akafungua kinywa ataje jina lake.

Hakuna kilichotoka. Ulimi ulikuwa umegandia juu, mgumu.

Basi akaandika. Alichukua karatasi akaeleza yote: Gaspard, zile saba, beseni, na alichokifanya yeye. Mwishoni akapiga mstari mara tatu chini ya maneno haya: *usilambe tena stempu ya mtu yeyote*. Akaiweka mezani juu ya bahasha ya saba ili Alliance aione asubuhi. Akalala akiwa na amani. Asubuhi hakuweza kuamka, wala mchana.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshapita milima. Mezani karatasi ilikuwa imefunguliwa. Bahasha haikuwepo.

Annie aliingia na kitambaa kibichi, akampangusa midomo.

"Alliance alisoma ile barua yako," alisema. "Miye sijui kusoma. Alilia, alilia... Kisha akanawa uso, akavaa viatu. Anasema anafika Rugenge, anarudi sasa hivi."

Marcellin alijaribu kuketi. Mikono ikamwangusha. Akamshika Annie nguo, akafungua kinywa, akaita kwa nguvu zote alizokuwa nazo, bila sauti, akionyesha mlango kwa kidole.

Annie alimtazama kwa huruma.

"Ngoja, kaka," alisema. "Nakuletea mayi ya kunywa."