Kijiti cha Nyungunyungu

Rafiki yangu fundi saa hakwenda kumzika kaka yake. Waligombea nyumba ya baba mpaka wakanuniana miaka tisa, na alipoletewa habari ya msiba alijibu, "Nyumba aliyonidhulumu ndiyo imzike." Hata mwezi haukuisha, akahamia humo yeye.

Alfajiri moja, giza halijaondoka, alitoka uani kutafuta nyungunyungu wa chambo. Alichomeka kijiti kwenye nyasi, akakisugua kwa kipande cha chuma, kama kaka yake alivyomfundisha utotoni. Kijiti kikakoroma, ardhi ikatetemeka, nyungunyungu wakatoka. Kaka alikuwa na mtindo wake: mikwaruzo miwili mirefu, kimya, kisha mmoja mfupi. Fundi saa aliudharau. Yeye alisugua mfululizo.

Kopo lilipojaa, akaweka chuma chini. Mkoromo haukukoma. Ulitoka chini ya nyayo zake: miwili mirefu, kimya, mmoja mfupi.

Akang'oa kijiti. "Basi, kaka," akasema taratibu.

Pakawa kimya. Kisha ukaanza tena, safari hii ndani ya nyumba. Alipoingia chumbani na taa, nyungunyungu walikuwa wanatoka kwenye nyufa za sakafu, wakikizunguka kitanda chake.