Fundi Kimya

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Kaka yake alikuwa fundi redio. Masikio yake yalikuwa mazima, lakini tangu homa ya utotoni hakutamka neno, ndiyo maana wateja walimwita Fundi Kimya. Kwa miaka arobaini mshonaji ndiye aliyekuwa ulimi wake. Alimsemea hospitalini, alimsemea kwa wateja wakorofi, hata posa aliipeleka yeye, na kaka alipokataliwa, maneno ya shombo akayapokea yeye.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alikwenda na binti yake kwenye karakana, kuchukua picha ya marehemu ya kuweka sebuleni. Ilikuwa saa nane mchana, lakini ndani kulikuwa giza totoro, maana umeme ulishakatwa, dirisha lilizibwa na marundo ya redio mbovu, na mlango ulifunguka kidogo tu.

"Hata kaburini nilimsemea mimi," mshonaji alisema, akipapasa ukuta. "Hakuwa na mwingine."

Binti aliingia nyuma yake, akasimama karibu na mlango.

Huko gizani stuli ikakwaruza sakafu. Mtu akakohoa taratibu, kisha sauti nzito ya kiume, ambayo mshonaji hakuwahi kuisikia maishani mwake, ikasema, "Rudisha mlango, vumbi linaingia."

Mshonaji aliganda. Binti yake hakushtuka hata kidogo. Alinyoosha mkono nyuma, kwa mazoea ya siku nyingi.

"Haya, mjomba," akasema, akaurudisha mlango.