Lugha Asiyoijua Kaka

Mchana, nyuma ya soko la Port Vila, mji mkuu wa visiwa vyetu, kwenye meza za akina mama wapishi, kiti hakikai bure. Ukiinuka kunawa mikono, umekipoteza. Siku hiyo Rolenas Garae alikwenda kuomba pilipili meza ya pili, na aliporudi akamkuta mwanamume mrefu amekaa mahali pake, mbele ya sahani yake, anaagiza chakula kwa Kifaransa kilichokuwa kikichechemea kila neno.

"Bwana, hicho kiti kina mwenyewe."

"Nani?"

"Huyo samaki aliye mbele yako ni wangu. Muulize."

"Nimemuuliza. Amenyamaza."

Akina mama wakaangua kicheko. Mwanamume akasogea, akampisha nusu ya benchi. Alivaa ovaroli la buluu, mikononi ana makovu ya fundi wa majokofu, na ukweli usemwe, alinuka samaki kwa sababu majokofu aliyotengeneza yalikuwa ya wavuvi. Rolenas alivaa blauzi ya njano ya dukani, nywele kazifunga nyuma na ua la haibiskasi juu ya sikio.

"Na hicho Kifaransa umekiokota wapi? Mama wa watu hajui kama unataka samaki au unataka ugomvi."

"Shule ya misheni, kisiwa cha Malekula. Nilifika darasa la sita, baba akaniambia bustani inaningoja. Wewe unayecheka umefika wapi?"

"La sita. Kisiwa cha Ambae. Mwalimu wetu wa Kifaransa aliondoka na hakuletwa mwingine."

"Basi tumetoka sare. Mimi Alhamisi naanza darasa la watu wazima, kule kilimani."

Rolenas akashusha uma. "Usinitanie. Hata mimi."

Hivyo ndivyo alivyomjua Firmin Masing.

Mtu wa nje angeuliza mwanamke wa miaka thelathini na tatu anarudi kwenye dawati kutafuta nini. Jibu ni kwamba Rolenas alikuwa amebanwa kila upande. Kutwa alisimama nyuma ya kaunta ya duka, na tajiri kakaa kwenye kiti kirefu akitazama mikono ya wauzaji na ya wanunuzi pia. Jioni alirudi kwa mama yake mdogo, Mama Elsi, kwenye nyumba ya mabati iliyojaa ndugu waliotoka Ambae tangu mlima ulipotema majivu. Humo ukikohoa watu wanakupa pole chumba cha tatu. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu. Mwenye nyumba ya wageni pale ufukweni, ambako hufikia wageni wa kutoka Noumea wanaosema Kifaransa, alimwambia: lete cheti cha Kifaransa kabla ya Krismasi, dawati la mapokezi ni lako, na chumba cha kulala juu yake.

Darasani walikaa dawati moja. Mwalimu, Madamu Clotilde, msichana mpole aliyetoka Ufaransa, aliwafundisha kuuliza bei, kuuliza njia, kuuliza hali. Firmin akauliza mengine yasiyokuwa kitabuni. Baada ya majuma machache simu zilikuwa haziishi.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Laplapu ya ndizi. Na wewe acha kuuliza kama daktari."

"Nakuuliza kama mume."

"Nani kasema?"

Lakini simu hizo Rolenas alizipokelea nje, karibu na tangi la maji. Njiani alitembea hatua mbele ya Firmin kana kwamba hamjui. Nyumbani hakumfikisha. Jambo hilo lilimkera Firmin.

"Unanionea haya. Sema. Ninyi watu wa Ambae mnatuona sisi wa Malekula washamba."

"Sikuonei haya. Kwetu mambo haya yana mpangilio wake, hayaropokwi."

"Mpangilio gani usio na siku?"

Rolenas akafikiri, kisha akatabasamu. Madamu alikuwa ametangaza zoezi: kila mwanafunzi asimame mbele, aeleze kwa Kifaransa mtu anayempenda, awe mama, mtoto, yeyote.

"Alhamisi nitasimama mbele ya watu wote nikueleze wewe. Umeridhika? Piga pasi shati."

Juma hilo hilo meli ilimleta Hensley.

Hensley alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Rolenas, na kwetu huyo ni kaka kamili, hakuna cha binamu. Nasi Ambae, kaka na dada wakishakua, heshima inaingia kati yao na kukaa. Hawataniani. Hawatajani majina. Neno la mapenzi likisemwa mbele yao, mmoja lazima aondoke, na aliyelisema anadaiwa mkeka wa kufuta aibu. Kwa hiyo Hensley alipopewa godoro kwa Mama Elsi, Rolenas alihamishia lake jikoni bila kuambiwa. Asichokijua ni kwamba kaka yake, ambaye wazazi walimpeleka shule ya Kiingereza kama ilivyo desturi ya kugawa watoto, huyu Kiingereza, yule Kifaransa, alikuwa ameahidiwa kazi kwenye meli ya Noumea, na nahodha alitaka baharia anayeweza Kifaransa japo cha kuombea maji.

Alhamisi ikafika. Rolenas alivaa gauni la kisiwani, jekundu, lenye lesi mabegani na mabawa mawili kiunoni. Firmin alivaa shati jeupe, na kwa mara ya kwanza alinukia sabuni. Madamu akaita jina. Rolenas akasimama mbele, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu, karibu," alisema Madamu, akamshika mgeni mkono, akamketisha kiti cha mbele kabisa na kufunga mlango.

Alikuwa Hensley. Alimwona dada yake, akatazama sakafu na kubaki kaganda, maana kuinuka kungekuwa kutangaza aibu yenyewe. Rolenas naye akatazama huku na huku. Mbele yake kaka. Nyuma ya kaka mpenzi. Kinywani mapenzi. Akainama, akapita kando ya ukuta, akatoka bila kufunga mlango.

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Kaona shati, kakimbia!" Darasa zima likacheka, naye Firmin akabaki na shati lake.

Jioni ile simu ikalia. Rolenas alikuwa akipakua wali, na Hensley yuko mezani, mgongo kampa.

"Rolenas, umenifanyia nini leo?"

"Ee."

"Ee nini? Nimechekwa na watu wazima!"

"Nimesikia. Ahsante."

"Unaongea na mimi au na benki?"

"Haya, salimia nyumbani."

Akakata, akaandika ujumbe: *Siwezi kuongea. Yule mtu amekuja. Yuko hapa ndani.*

*Mtu gani?*

*Siwezi kumtaja.*

Msomaji, wewe unajua. Mtu wa Ambae angejua. Lakini Firmin alikuwa mtu wa Malekula mwenye wivu, na alisoma alichoandikiwa: yumo mwanamume, yuko ndani, na jina lake ni siri. Akaitupa simu kwenye sanduku la nyundo. Rolenas alimpigia kutoka kwenye tangi la maji, akapiga asubuhi, akapiga mchana tajiri alipokwenda msalani. Haikupokelewa.

Alhamisi iliyofuata hakwenda darasani. Angekwendaje? Na sheria ya darasa ilikuwa bayana: ukikosa mara mbili, kiti chako kinapewa aliye kwenye foleni. Huko nyumbani alipishana na kaka yake mlangoni, wote macho chini, kila mmoja akijua ni yeye aliyemfungia mwenzake njia, na hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kusema. Usiombe kubanwa hivyo.

Firmin alihamishia hasira zake kwenye nakamali, kilabu cha kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, kule jua linapozama na watu wanaongea kwa kunong'ona. Siku moja, giza limeshaficha nyuso, alikaa benchi moja na mwanamume mfupi mwenye mikono mipana. Wakamaliza kifuu cha kwanza, wakatema mate. Baada ya kifuu cha pili yule mfupi akasema, kama anaiambia kava:

"Mimi nimeharibu."

"Umeharibu nini, kaka?"

"Niliingia darasa la Kifaransa kule kilimani. Kumbe dada yangu yumo, kasimama mbele. Akatoka kwa sababu yangu. Nikiacha darasa, meli inaniacha. Nisipoacha, yeye atazeekea dukani."

Kava yote ikamtoka Firmin kichwani. "Dada yako... anaitwa nani?"

Mwenzake akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Unaniuliza mimi jina la dada yangu? Wewe wa kisiwa gani?"

"Malekula."

"Ndiyo maana."

"Alivaa gauni jekundu?" Firmin akauliza taratibu. "Na wewe ukawekwa kiti cha mbele?"

Hensley akageuka. Akalitazama ovaroli, akalikumbuka shati jeupe. Akainua mkono haraka. "Ndugu yangu, usiongeze neno. Mimi sijasikia kitu." Akaweka kifuu chini, akaondoka.

Kesho yake Firmin alikwenda dukani. Tajiri alikuwa juu ya kiti chake.

"Nikusaidie?" Rolenas aliuliza, uso mkavu.

"Kiberiti."

"Kingine?"

"Samahani."

"Hiyo hatuuzi hapa."

"Rolenas, nimeonana na yule mtu usiyemtaja. Nilidhani ni mwanamume."

"Ni mwanamume."

"Nilidhani mwanamume wa namna nyingine."

Rolenas akatazama juu kwenye kiti kirefu, akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Machozi yalimlenga. "Ulinidhania hivyo kweli? Umenitesa, Firmin."

"Nimekosa, mpenzi. Nipige hata na hiyo sabuni. Lakini kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekuambiaje? Kumchanganya yeye kwenye maneno yangu na wewe ni kumvua nguo barabarani. Nitaishi vipi nyumba ile? Hata pa kusemea 'nakupenda' sina."

"Unapo." Firmin aliinama juu ya kaunta. "Huyo kasoma Kiingereza. Kifaransa hajui. Leo jioni nikikupigia usitoke nje. Kaa hapo hapo ndani, ongea."

"Kifaransa changu kinachechemea."

"Na kichecheme. Nipe na mshumaa, tajiri anatutazama."

Jioni, Mama Elsi alikuwa anakuna nazi, watoto wanagombea mto, na nje, upande wa pili wa bati, Hensley anapigilia bawaba ya mlango. Simu ikalia. Rolenas akaketi katikati yao wote, akaanza kwa Kifaransa, sentensi fupi fupi, zile zile za kitabuni:

"Habari za jioni, bwana. Mimi niko nyumbani. Nyumba ni ndogo. Watu ni wengi."

"Habari za jioni, bibi. Mimi nikoje?"

"Wewe ni mrefu. Una shati moja jeupe. Unanuka samaki. Mimi nakupenda."

Hakuna aliyegeuka. Mama Elsi aliendelea kukuna. Mtoto mmoja alimwomba asogee. Rolenas akahisi kifua kinafunguka. Alikuwa amesema, mbele ya ukoo mzima, na dari haikuanguka.

"Bibi, unataka kuolewa na mimi?"

"Tafadhali rudia. Sema polepole."

"Unataka. Kuolewa. Na mimi?"

"Nataka," alisema Rolenas. "Ndiyo. Nataka sana. Kesho na keshokutwa." Akacheka kwa sauti, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imewahi kukisikia.

Nje nyundo ilikuwa imesimama. Hensley alikuwa amekaa darasani Alhamisi mbili tu, lakini lipo neno moja la Kifaransa, lile la nakupenda, ambalo dunia nzima inalijua, na lilikuwa limepita kwenye bati. Alisimama na msumari mdomoni. Kisha akaanza kupigilia tena, kwa nguvu kuliko bawaba ilivyohitaji, mpaka simu ilipokwisha.

Kesho yake Mama Elsi alimwambia Rolenas jikoni, "Yule kaka yako ameacha darasa. Anasema Kifaransa kigumu, kimemshinda."

"Kimemshinda? Si anaongea lugha za visiwa vinne?"

"Ndivyo alivyosema. Amepata kibarua cha kubeba mizigo bandarini. Alikuwa anatazama pembeni alipokuwa akiniambia." Mama Elsi akapunguza sauti. "Tena akasema, nyumba yenye watu wengi ni vizuri ikiwa na lugha moja ambayo yeye haijui."

Rolenas akakaa juu ya gunia la magimbi, akalia. Meli ya Noumea ilikuwa inaondoka. Na kumshukuru kaka yake hakuruhusiwa, maana shukrani ingetaja jambo lenyewe. Alichoweza ni kuchukua mkeka wake mzuri kuliko yote, ule aliosukiwa na mama, akauweka umekunjwa mlangoni kwa Hensley. Jioni mkeka haukuwepo. Hawakusemezana.

Alhamisi alirudi darasani. Madamu Clotilde akafurahi, akamwita amalize zoezi lake. Firmin, shati jeupe, alikaa wima, tayari kuelezwa.

Rolenas akasimama mbele, akatazama kile kiti cha mbele, kitupu.

"Ni mwanamume," alianza kwa Kifaransa. "Si mrefu. Ana mikono mikubwa. Ametoka Ambae. Tulikuwa wadogo, alinibeba mgongoni kuvuka mto. Sasa haongei na mimi. Siongei naye. Alitengeneza mlango. Alitaka kwenda mbali, hakwenda. Nampenda sana."

Madamu, ambaye hakujua chochote, akauliza kwa upole, kama anavyouliza kila mtu, "Na anaitwa nani?"

Rolenas akafungua kinywa, akakifunga. Lugha ilikuwa ya kigeni, lakini jina lilikuwa lile lile, na hilo halikuwa na njia. Alisimama hapo, macho yamejaa, mpaka kiti kimoja kikasogezwa nyuma. Firmin, aliyelisoma jina hilo kwenye orodha ya darasa, alikuwa ameinuka.

"Anaitwa Hensley," alimjibia.

Walioana Desemba, na Rolenas alihamia ufukweni kabla ya Krismasi, kwenye dawati lake. Firmin hakulitamka tena jina lile. Tangu siku ya ndoa Hensley ni shemeji yake, na jina la shemeji, kwetu, halitamkwi.