Mtu wa Nne Kwenye Faili

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu, kama kijiko kilichogonga glasi, na ulikuja saa tisa usiku kwa sababu huko walikoomba viza kulikuwa kumeshakucha na watu wako ofisini. Mama Kijino akaipapasa simu chini ya mto, akasoma kwa jicho moja, akamtikisa mumewe begani. Waende wakapimwe afya, familia nzima, ndani ya siku ishirini na nane. Fundi akauliza kama wamekubaliwa, akaambiwa bado, wapimwe kwanza, akageukia ukutani akalala tena. Alikuwa amechomelea mageti tangu asubuhi. Macho yalimwasha hata akiyafumba.

Miaka miwili walikuwa wanaisukuma safari hiyo. Mtihani wa lugha mara tatu, mtihani wa kuchomelea mbele ya mkaguzi, vyeti, mihuri, nenda rudi, na sasa Fundi ana miaka arobaini na minne na wakala wao wa viza ameshawaambia kwamba akifika arobaini na mitano mlango umefungwa, basi tena. Ilibaki miezi mitatu. Na kwenye vipimo, wakala akasema, mmoja akianguka mmeanguka wote.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, safi, viti vya plastiki, watu na bahasha zao mapajani, hakuna anayeongea. Kijino, mtoto wao wa miaka mitatu, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliota jino moja na kukaa nalo miezi minne kabla ya la pili, alikuwa na mafua lakini anacheka. Mama yake akajaza fomu kwenye goti. Akateremka nayo haraka haraka mpaka swali la kumi na moja. Taja watoto wako wote, walio hai na waliofariki.

Kalamu ikasimama.

Fundi akachungulia. Halafu akamkumbusha polepole maneno ya wakala: yule wa kwanza hana cheti cha kuzaliwa wala cha kufa, ukimwandika watavidai, na faili litalala mwaka mzima. Alikuwa msichana. Aliishi saa moja na robo, miaka sita iliyopita. Hata jina hakuwahi kupewa.

"Andika mmoja," Fundi akanong'ona. "Yeye hatalalamika."

Mkewe akaandika mmoja. Akatia saini kwamba yote ni kweli. Alikuwa amechoka mno, hata kulia hakuweza.

Karani wa mapokezi akawapa namba nne, moja kwa kila mtu. Mama Kijino akairudisha moja, akasema wako watatu. Karani akanyanyua shingo, akawahesabu kwa kalamu, akakunja uso, akahesabu tena. Akaipokea bila neno. Kwenye mizani muuguzi naye akauliza kama aanze na mkubwa au mdogo, Fundi akatania kwamba mkubwa ni yeye, muuguzi akacheka kidogo tu, kwa adabu, macho yake yakiwa chini, karibu na sketi ya Mama Kijino.

Daktari akasikiliza kifua cha Kijino kwa muda mrefu. Akasema huenda ni mafua tu, ila hatasaini kabla hajaona picha. Fundi akaketi. Mtoto mmoja akianguka.

Chumba cha eksirei kilikuwa baridi. Mpiga picha, jitu la watu lenye sauti ya upole, akamwita Kijino bondia, akamvua shati, akamvika mama yake aproni nzito ya madini ya risasi inayozuia mionzi. Mtoto mdogo hatulii, akaeleza, kwa hiyo mama ndiye anamshika, mikono yote miwili juu, asisogee. Akaingia nyuma ya kioo.

Mashine ikalia.

Mpiga picha akainamia kompyuta.

"Turudie, mama."

Ikalia tena. Kijino hakuwa analia. Alikuwa anatazama chini, upande wake wa kushoto, anatabasamu.

Mpiga picha akatoka. Utani umemwisha. Akasogea mpaka karibu, akanong'ona.

"Umeingia na nani mwingine?"

Mama Kijino akamwambia hakuna. Mpiga picha akamvuta nyuma ya kioo, akamwonyesha picha. Mbavu za Kijino zilikuwa nyembamba kama meno ya kitana. Juu yake vidole vya mama, na pete ikiwaka nyeupe. Na chini, ubavuni, mkono wa tatu. Mdogo. Mifupa mitupu. Umemkumbatia.

Mwanamume yule akaikuza picha. Akasema kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, na umri wa mtoto wanausoma kwenye mifupa ya kiganja, hapo haudanganyiki. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, bila kukigusa.

"Huyu ana miaka sita."

Mama Kijino akatazama mlango. Lakini akarudi, maana angefanyaje, picha ilitakiwa, kesho haipo. Akamshika mwanawe. Akainama kwenye nafasi tupu iliyo ubavuni, na hewa ya pale ilikuwa na joto, joto la mtoto aliyetoka kulala.

"Muachie kidogo, mwanangu," akasema. "Apigwe picha."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Picha ya tatu ikatoka safi. Mapafu safi, mkono hakuna. Mpiga picha akafuta zile mbili za kwanza, akajifuta jasho. Kwenye korido Kijino alitembea mkono wa kushoto ukiwa juu, kama anayeshikwa na mtu mrefu kuliko yeye.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, mchana, Fundi akiwa bado na miwani ya kuchomelea kichwani. Wamepita. Akakaa sakafuni akalia kwa uchovu. Mkewe ndiye aliyeendelea kusoma.

Mwombaji wa nne. Jinsia, kike. Urefu, sentimeta mia moja na kumi na mbili. Kifua, hakina tatizo. Uzito, kilo mbili na gramu mia sita.

Akasoma mara tatu. Gramu hizo mkunga alizitamka mara moja, usiku ule msichana alipozaliwa, na hakuna aliyeziandika popote.

Chini kulikuwa na sehemu moja tu iliyo wazi. Jina. Bila hilo viza hazitatoka. Fundi akasema wampigie wakala, amfute huyo wa nne, ni kosa la mashine. Akaichukua simu. Chumbani Kijino akaacha kucheka. Mlango ukajisukuma, taratibu, ukafunguka kiasi cha mtoto kupita.

Mama Kijino akaichukua simu kwa mumewe. Akaandika jina, lile alilokuwa amelibeba tumboni miezi tisa bila kumwambia mtu. Akatuma. Jibu likaja papo hapo: limepokelewa, safari njema kwenu wanne.

Hawakutazamana. Mumewe akauliza, kwa sauti isiyo na nguvu, kama wakala ataambiwa, kama ndugu wataambiwa.

"Hata mama yangu mzazi," mkewe akasema. "Simwambii mtu."