Mvua ya Kwanza Isikudanganye

Kwetu Bahi, mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna anayekaa. Ukichelewa kupanda, majirani watakucheka kuwa u mvivu. Mwaka juzi mimi na mume wangu Bartolomayo tuliwahi. Jua likaja, likachoma shamba lote. Njaa tuliiona!

Msimu uliofuata tulibaki na kibuyu kimoja tu cha mbegu ya mtama. Mvua ilinyesha alfajiri. Bartolomayo akabeba jembe na kibuyu.

"Baba, ngoja!" Binti yetu Hilda alimzuia. Anasoma sayansi ya mazingira chuo kikuu, Dodoma mjini, na alikuwa nyumbani likizo.

"Ningoje nini?"

Hilda akaanza kueleza mabadiliko ya tabianchi. Maneno yote Kiingereza.

"Mama yangu wee!" nikasema. "Kumbe tumesomesha mzungu?"

Machozi yakamtoka. "Ndivyo tunavyofundishwa, mama. Tunakariri barafu ya Ulaya inavyoyeyuka. Shambani hatujawahi kupelekwa."

Akampigia simu mwalimu wake, Dokta Asma, mwenyeji wa Kondoa. Akaweka sauti ya juu, sote tusikie.

"Shikamoo, baba," alisema Dokta Asma.

"Marahaba, mwanangu."

"Kosa ni letu walimu. Wanafunzi ni wengi, vifaa haba, na vitabu vinaeleza nchi za watu. Hilda, chimba shimo. Mwonyeshe baba udongo."

Hilda akachimba. Juu palikuwa na tope. Chini kidogo, vumbi tupu!

"Baba, dunia imeongezeka joto," alisema. "Mvua hazitabiriki kama zamani. Ukipanda leo, mbegu itaota, kisha mizizi itakosa maji. Tungoje unyevu ushuke shubiri nzima. Tena tumuulize bwana shamba utabiri unasemaje."

"Aa, sasa umesema!" Bartolomayo akaweka jembe chini.

Majirani walipanda, wakatucheka kweli kweli. Niliumia, lakini nikakaza moyo. Jua likawaka siku nyingi. Miche yao ikanyauka, masikini. Mvua iliporudi, tukachimba tena. Unyevu ulikuwa umefika. Tukapanda, na mtama ukakubali.

Siku hizi Dokta Asma huleta wanafunzi wake shambani kwetu. Mtihani wao ni kumweleza Bartolomayo somo lao mpaka alielewe, na yeye ndiye anayetoa maksi. Ana roho ngumu huyo mzee! Lakini aliyefaulu na aliyefeli, wote hula ugali wetu wa mtama, na huondoka wameshiba.