Chupa ya Juisi ya Nanasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tupokigwe aliosha kikombe chake mara mbili. Mama yake alikuwa amekwisha kukiosha jioni, tena kwa sabuni, lakini hilo halikumtosha. Alikisugua, akakinusa, akakisugua tena, huku mdogo wake Edgar, mtoto wa miaka minne, akimkodolea macho na kamasi zikimchuruzika.

"Usinisogelee na makamasi yako! Mama, mwone Edgar, ananitia kinyaa!"

Kule kwao Kimara, Dar, majirani walimwita Bibi Kinyaa, naye wala hakukasirika. Alijiona msafi kuliko mtaa mzima. Usafi gani huo? Akitumwa kutupa takataka, alizimwaga mtaroni nyuma ya nyumba ya jirani, kisha akarudi mbio kunawa mikono. Uchafu ukishatoka mbele ya macho yake, yeye aliona umekwisha.

Likizo ya Juni ilipofika, mama yake aliamua wakamsalimie bibi yao Mbeya, tena kwa treni. "Kwa basi mtalala tu," alisema. "Kwa treni mtaiona nchi yenu."

Na kweli waliiona. Siku ya kwanza, jua likielekea kuzama, treni ilipita mbugani na twiga wawili wakasimama wakiitazama bila wasiwasi. Asubuhi waliamkia milimani. Treni iliingia kwenye handaki moja, ikatoka, ikaingia jingine, na chini ya madaraja mito ilionekana kama uzi mweupe. Edgar alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Tupokigwe yeye alikuwa ameziba pua kwa leso. Godoro lile wamelilalia wangapi? Mama mmoja wa chumba cha jirani alikuwa anakula samaki wa kukaanga na kulamba vidole, kimoja baada ya kingine. Aka! Na choo ndiyo usiseme. Jana alisukuma mlango mara moja tu, akakuta mtu ametoka bila kumwaga maji, akaapa hatakanyaga tena. Alijibana hadi treni iliposimama Mlimba, ndipo akashuka na mama yake kwenda choo cha stesheni.

"Mimi naenda kwenye behewa la chakula kuwaletea chai," mama alisema. "Edgar akibanwa, mpeleke chooni. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Mama hata hajafika mbali, Edgar alianza kubana miguu. "Dada, mkojo."

"Jikaze."

"Unatoka!"

Kumpeleka kule? Thubutu! Tupokigwe aliangaza huku na huku, akaona chupa tupu waliyonywea juisi ya nanasi. Edgar akajisaidia humo. Tupokigwe alifunga kifuniko, akaishika chupa kwa vidole viwili, uso ameugeuzia ukutani. Ilikuwa na joto.

Treni ilikuwa inapanda mlima polepole, na kando ya reli watoto walikuwa wanakimbia nayo wakiita, "Chupa! Chupa!" Ndivyo ilivyo njia ile. Vijijini chupa tupu ni mali, hutiwa mafuta, asali au maji ya kwenda nayo shambani, na abiria huwadondoshea watoto chupa walizokwisha kutumia. Tupokigwe hakufikiri mara mbili. Aliirusha nje.

Msichana wa rika lake, aliyembeba mtoto mgongoni, aliwawahi wenzake. Aliinua chupa, akaona imejaa nusu, akaona na picha ya nanasi. Uso ukamchanua.

"Asante, dada!" alipaza sauti.

Tupokigwe aliganda. Kisha akajituliza: si tumeshampita? Alikuwa anajimwagia maji mikononi pale treni ilipopunguza mwendo, ikasimama kwenye stesheni ndogo ili kupisha treni ya mizigo. Muda si mrefu watoto wale walifika wakihema. Yule msichana aliketi kwenye jiwe, akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani. Akaanza kuhangaika na kifuniko.

"Usimpe!" Tupokigwe alipiga kelele dirishani. "Hiyo usimpe!"

Msichana alikumbatia chupa. "Umeshanipa! Ukishatoa umetoa!" Akambeba mtoto, akasogea mbali zaidi, akaketi tena.

Tupokigwe alitoka mbio hadi mlangoni. Hapo alikuwapo Bi Hija, mhudumu wa behewa, mama wa Temeke mwenye sauti nzito, ndoo mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

"Shikamoo. Naomba nishuke!"

"Marahaba. Hakuna kushuka hapa, mwanangu. Treni inaondoka wakati wowote."

"Yule dada... ile chupa..." Abiria watatu walikuwa wamesimama pale wakimsikiliza. Angeweza kusema chupa ina dawa, au juisi yake imechacha. Nje, kifuniko kilikuwa kimeanza kulegea.

"Ni mkojo!" alisema kwa nguvu. "Mkojo wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyeitupa!"

"Kefule!" Bi Hija aliangusha ndoo, akachungulia nje. "Wee binti! Tua hiyo chupa chini! Si juisi, ni mkojo huo!"

Msichana aliitupa chupa kana kwamba imemuuma. Wenzake waliruka nyuma, mmoja akatema mate. Bi Hija alimshika Tupokigwe mkono, wakashuka na sabuni na dumu la maji. Pale chini hakuna aliyecheka.

"Jina lako nani?" Bi Hija alimuuliza msichana kwa upole.

"Benedicta."

"Haya, mwanangu, mmiminie mwenzako maji anawe."

Tupokigwe alimimina. Maji yakamlowesha viatu. Benedicta alinawa, akamnawisha na mtoto, kisha akamtazama usoni.

"Kwa hiyo sisi ndio choo chenu?"

Kinyaa alichokuwa nacho Tupokigwe tangu Dar kilimgeukia mwenyewe, akajiona mchafu kuliko kitu chochote ndani ya treni ile. "Nisamehe," alisema akilia. "Nimekukosea sana."

Benedicta alimpakata mtoto. "Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Nilitaka aonje juisi."

Tupokigwe aliiokota chupa mwenyewe, akaenda kuitupa kwenye pipa la stesheni. Treni ilipopiga honi, walipanda. Mama alikuwa mlangoni na chai, amekwisha kusimuliwa yote.

"Nilikwambia umpeleke wapi?" aliuliza.

"Chooni, mama. Niliogopa uchafu."

"Njoo uuone huo uchafu," alisema Bi Hija, akafungua mlango wa choo. Sakafu ilikuwa inang'aa, sabuni inanukia. "Tangu jana nimekiosha mara tano. Hukurudi kuchungulia hata mara moja."

Tupokigwe aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, mwanangu. Kuona kinyaa si kosa. Mie mwenyewe kila siku naona kinyaa, ndiyo maana nashika brashi. Kinyaa kinatakiwa kikupeleke kwenye sabuni. Chako kilikupeleka dirishani. Uchafu ukimtupia mwenzako haujaisha, umempa yeye augue. Leo nakusifu kwa jambo moja tu: umesema kweli mbele za watu, na mtoto yule amepona."

Mama alimpa Tupokigwe brashi. Siku ile aliosha choo pamoja na Bi Hija, na Edgar alipobanwa tena alimpeleka mwenyewe, akamnawisha.

Mbele kidogo, treni iliposimama, watoto wengine walikuja wakiita, "Chupa! Chupa!" Tupokigwe alichukua chupa yao ya maji, akaisuuza kwa sabuni, akaiacha wazi. Kabla ya kumkabidhi mtoto wa mbele mkononi, aliigeuza juu chini, wote wakaona kuwa ni tupu.